Kutoboa brasi nyumbani: jinsi ya kuizuia biti isinase

Brasi ni ile shaba ya njano, mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, inayotengenezewa bawaba, komeo, mabomba ya maji na mapambo ya makasha. Ni metali laini, inatoboka upesi kuliko chuma na haimalizi makali ya biti ya drili. Kwa sababu hiyo watu huishika kwa mkono mmoja na kuitoboa kwa mkono mwingine, na ndivyo vidole vinavyokatwa.

Biti ya kawaida ina mifereji miwili iliyojipinda kwa mshazari wa takribani nyuzi 30. Mshazari huo huyafanya makali yainame mbele, kama hesi ya skrubu. Ukitoboa chuma, ugumu wake huizuia biti isijivute, na wewe ndiye unayeisukuma. Brasi haina kizuizi hicho. Makali yakishaingia, biti hujivuta yenyewe kwenda chini kwa kasi usiyoitaka, inauma kipande kinene kuliko inavyoweza kukikata, kisha inakwama ghafla huku mota bado inazunguka. Hapo litatokea moja kati ya haya: kipande kinachomoka na kuzunguka pamoja na biti, biti inakatika, mdomo wa drili (sehemu inayoishika biti) unang'oka kwenye ekseli yake, au tundu linapasuka ukingoni. Mafundi husema biti "imenasa". Karibu kila hatua iliyo hapa chini ipo kwa ajili ya kuzuia jambo hilo moja.

Kwanza ijue brasi uliyonayo

Anza na sumaku. Ikishika, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, na kitobolewe kama chuma. Isiposhika, kwaruza kwa tupa upande usioonekana. Ukikuta rangi ya kijivu chini ya njano, ni aloi ya zinki iliyopakwa, ambayo hutumika sana kwenye vitasa vya bei nafuu. Brasi ya kweli ni ya njano mpaka ndani.

Brasi zenyewe hazifanani. Nondo za duara na za pembe sita zinazouzwa kwa ajili ya mashine mara nyingi huwa na takribani asilimia 3 ya risasi, iliyotiwa makusudi ili ikatike vizuri. Ukiitoboa hutoa chembe fupi kavu zinazoruka kama mchanga. Bati na mabomba ya brasi kwa kawaida hayana risasi hiyo. Hutoa nyuzi ndefu zaidi, yananata kidogo na kuacha miiba ukingoni mwa tundu. Zote mbili hunasa biti, ila bati jembamba ndilo baya zaidi, na sababu yake tutaifikia.

Vifaa

Drili ya meza ni bora mara nyingi kuliko ya mkononi. Unahitaji pia jiliwa ya mashine inayofungwa mezani kwa bolti mbili, klampi mbili imara, ubao mgumu wa kuweka chini (mninga au mvule wa unene wa mm 20 unafaa), senta panchi (chuma chenye ncha cha kutia alama mahali pa kutoboa), nyundo ndogo, msumari wa kuchorea, rula, guniya (kipimio cha pembe mraba), brashi ya rangi iliyozeeka, na tupa ndogo ya almasi au jiwe laini la kunolea. Hiyo tupa ya almasi ndiyo kifaa muhimu kuliko vyote hivyo, na ni ndogo na si ya bei kubwa.

Biti ziwe za chuma cha kasi, zile za kawaida. Usilipie zaidi kwa ajili ya biti za kobalti, maana brasi haizihitaji. Zile za rangi ya dhahabu hazina faida hapa, kwa kuwa utayasugua makali yake na rangi itatoka hapo hapo. Tenga seti ya brasi peke yake, uipake rangi shinani au uiweke kwenye mkebe wake. Biti iliyotayarishwa kwa brasi haikati chuma vizuri, na biti kali iliyotoka dukani, ukiichukua kwa kusahau, ndiyo itakayonasa.

Vaa miwani ya usalama inayoziba pembeni. Miwani ya kusomea haitoshi, kwa sababu chembe za brasi huruka kwa upande na huwa za moto. Usivae glavu karibu na biti inayozunguka, hata kama chembe zinachoma, kwani biti ikishika kidole cha glavu haikiachi. Vua pete, bangili na saa. Kunja mikono ya kanzu au shati mpaka juu ya kiwiko, ingiza ncha za mtandio ndani ya nguo, funga nywele ndefu nyuma.

Kuondoa ukali unaovuta

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayobadilisha kila kitu. Lengo ni kuisugua sura ya mbele ya makali ili isiiname mbele tena, isimame wima sambamba na mhimili wa biti. Makali yakishakuwa hivyo hukwangua brasi badala ya kuchimba na kujivuta.

Bana biti kwenye jiliwa, ncha ikitazama juu, ukiweka kadibodi ili usiikwaruze. Tazama ncha kwa mwanga mzuri. Utaona makali mawili, kila moja likiwa pale mfereji unapokutana na mteremko wa ncha. Upande wa kusugua ni ule wa ndani ya mfereji. Mteremko wa juu usiuguse kabisa, maana ukiuharibu biti haitakata chochote, brasi wala mbao.

Weka tupa ya almasi ndani ya mfereji, bapa lake likiwa wima kama biti yenyewe ilivyosimama, likigusa ukingo wa makali tu. Sugua juu na chini taratibu. Baada ya kusugua mara tano hadi kumi utaona mstari mwembamba unaong'aa kando ya makali. Kwa biti za hadi mm 6, mstari wa nusu milimita unatosha. Kwa biti za mm 10 hadi 12, fika karibu milimita moja. Geuza biti, fanya upande wa pili vivyo hivyo, kwa idadi ile ile na kwa mkandamizo ule ule. Upande mmoja ukizidi, biti itakata kwa makali mamoja na tundu litakuwa kubwa kuliko biti.

Ijaribu kwenye kipande kisicho na kazi kilichofungwa vizuri. Biti iliyo tayari hudai kusukumwa. Ukilegeza mkono inaacha kukata. Ikiendelea kujivuta, bado hujasugua vya kutosha.

Kasi

Viwandani brasi hukatwa kwa kasi ya mita 60 kwa dakika na zaidi, yaani mwendo wa ukingo wa nje wa biti. Nyumbani tumia nusu yake, mita 30, kwa sababu hapo unapata muda wa kuhisi biti inafanya nini. Hesabu ni rahisi: zidisha 30 kwa 318, gawanya kwa kipenyo cha biti kwa milimita, utapata mizunguko kwa dakika. Biti ya mm 3 itakuwa takribani 3,200. Ya mm 5, 1,900. Ya mm 6, 1,600. Ya mm 8, 1,200. Ya mm 10, 950. Ya mm 12, 800. Kama puli za mashine yako zinaishia 2,500, biti ndogo zitakwenda kwa hiyo 2,500 bila tatizo. Brasi inasamehe kasi ndogo, lakini mkono unaosita haiusamehi. Ukigusagusa bila kusukuma, biti huruka na kuacha tundu la pembe tatu.

Mafuta hayahitajiki kwa matundu ya kawaida. Chembe kavu hutoka zenyewe, na ukizilowesha hugandamana ndani ya mfereji. Kwa tundu refu au bati linalonata, tone moja la mafuta ya cherehani linatosha.

Kazi yenyewe: bamba la kufuli la kasha

Chukua mfano wa bamba la mm 100 kwa 60, unene mm 3, lenye matundu manne ya skrubu za mm 4 kwenye pembe na tundu moja la ufunguo katikati. Ni kazi ya kawaida kwa anayekarabati kasha au mlango wa zamani wa pwani, na ina karibu matatizo yote ya brasi ndani yake.

1. Paka uso wa bamba kwa kalamu ya wino mzito, kisha chora mistari kwa msumari wa kuchorea, mm 10 kutoka kila ukingo, na mistari miwili ya katikati. Kama uso utaonekana, chora upande wa nyuma na utoboe kutoka nyuma.

2. Laza bamba juu ya kipande kizito cha chuma bapa, weka senta panchi kwenye makutano ya mistari, piga mara moja kwa wastani. Ukipiga juu ya ubao laini, bamba litabonyea, na ukipiga kwa nguvu mno brasi inakuwa ngumu pale pale ulipotaka biti ianzie.

3. Weka ubao mgumu juu ya meza ya drili, sehemu mpya isiyo na tundu iwe chini ya mahali pa kutoboa. Weka bamba juu yake, lifunge kwa klampi mbili mpaka mezani. Klampi moja haitoshi, kwa sababu bamba huzunguka juu yake kama mlango kwenye bawaba. Isitoshe, simamisha bolti mezani nyuma ya mwisho wa kushoto wa ubao. Biti ikinasa, upande wa kushoto wa kipande hukimbilia nyuma, nayo bolti itauzuia. Kama unadhani tahadhari hii imezidi, piga hesabu: kwa mizunguko 2,000, kona ya bamba hili iliyo sm 10 kutoka kwenye biti hukimbia zaidi ya kilomita 70 kwa saa, na imechongoka.

4. Funga biti ya mm 4.5 iliyosuguliwa makali. Kaza mdomo wa drili kwa ufunguo kwenye matundu yake yote matatu, kisha toa ufunguo na uuweke mbali. Usiuache umening'inia mdomoni hata kwa sekunde moja.

5. Mashine ikiwa imezimwa, shusha biti mpaka iguse alama ya panchi, sogeza kipande mpaka ncha iketi bila kupinda. Weka kizuio cha kina ili biti iishie mm 2 ndani ya ubao wa chini.

6. Washa, shusha mpini kwa uthabiti. Chembe zitaanza kuruka. Endelea kwa mkandamizo ule ule mpaka utakapohisi brasi inalegea, dalili kwamba ncha inakaribia kutokea upande wa pili. Hapo ndipo biti nyingi hunasa. Badala ya kusukuma, ushike mpini kana kwamba unauzuia usishuke, uiache biti imalizie polepole. Drili nyingi za meza zina ulegevu kidogo kati ya mpini na ekseli, na biti inapojivuta huumaliza ulegevu huo kabla mkono wako haujajua.

7. Inua biti ikiwa bado inazunguka, kisha zima. Futa chembe kwa brashi. Usipulize kwa mdomo wala kwa hewa ya kompresa.

Rudia kwa matundu mengine matatu, ukifungua na kufunga klampi kila mara. Watu wakishazoea tundu la kwanza huanza kulishika bamba kwa mkono kwa matundu yanayobaki. Tundu la nne lina hatari sawa na la kwanza.

Tundu la ufunguo linahitaji biti ya mm 10, na hapa kuna mtego. Fundi aliyezoea chuma atatoboa kwanza kwa biti ndogo, halafu apanue. Kwenye chuma ni sawa. Kwenye brasi, biti kubwa ikiingia ndani ya tundu lililokwisha kutobolewa haina tena kitu cha kuizuia katikati. Ile ncha butu ya kati, ambayo ndiyo inayohitaji kusukumwa, inaelea hewani, na yanakata makali ya nje peke yake, sehemu yenye mshazari mkubwa kuliko zote. Biti hujivuta mara moja. Kwa hiyo toboa moja kwa moja kwa mm 10 iliyosuguliwa makali vizuri. Kama mashine yako haina nguvu, tundu la kuanzia lisizidi upana wa ile ncha butu ya kati, yaani kama mm 2 kwa biti ya mm 10. Na kama huna budi kupanua tundu lililopo, kwa mfano bawaba yenye matundu ya mm 4 unayotaka yawe mm 5, usiguse mashine kabla hujahakikisha biti ya mm 5 imesuguliwa mpaka kwenye kona za nje za makali. Mfereji wa ufunguo ulio chini ya tundu utaumalizia kwa tupa nyembamba.

Kuzamisha vichwa vya skrubu ni kazi ya kasi ndogo kabisa ya mashine. Biti ya kuzamishia yenye makali mengi hutetemeka kwenye brasi na kuacha mawimbi ndani ya koni. Ile yenye ukingo mmoja tu wa kukata, au yenye tundu la mshazari lililopita kwenye koni, hukata safi. Skrubu ya mm 4 ina kichwa cha takribani mm 8, kwa hiyo utashuka kama mm 1.75 ukianzia tundu la mm 4.5. Kwenye bamba la mm 3 hubaki mm 1.25 chini ya kichwa; ukizidisha, skrubu itapita nje. Jaribu na skrubu yenyewe kila nusu milimita.

Unapofunga bamba kwenye mbao ngumu kwa skrubu za brasi, ingiza kwanza skrubu ya chuma ya saizi ile ile iliyopakwa sabuni, itoe, ndipo uweke ya brasi. Skrubu ya brasi hukatika shingo kwa urahisi ikilazimishwa kujitengenezea njia.

Bati jembamba

Ncha ya biti ya kawaida, yenye pembe ya nyuzi 118, ina urefu wa karibu theluthi moja ya kipenyo. Biti ya mm 10 ina ncha ya mm 3. Maana yake ni kwamba kwenye bamba letu la mm 3 ncha inatokea chini wakati ule ule ambapo kona za nje za makali zinamaliza kuingia juu. Kwenye bati la mm 0.8 hali ni mbaya zaidi: biti yoyote inayozidi mm 2.5 hivi itakuwa imetoboa upande wa pili kabla haijapata ukuta wa kuiongoza. Inabaki inayumba, inatengeneza tundu la pembe tatu, kisha inalinyanyua bati na kulizungusha. Bati jembamba linalozunguka hukata kama kisu.

Dawa ni kulifanya bati liwe nene. Liweke kati ya vipande viwili vya plaiwudi vya mm 9, funga vyote vitatu kwa klampi, chora alama juu ya plaiwudi ya juu, toboa vyote kwa pamoja. Plaiwudi huiongoza biti ndani na kuipokea ikitoka, na miiba ya ukingoni karibu yote hupotea.

Kwa matundu ya mm 8 na zaidi tumia biti ya ngazi, ile ya koni yenye hatua, lakini chagua yenye mifereji iliyonyooka. Makali yake hayainami mbele, kwa hiyo hayajivuti. Mifereji ya mzunguko kwenye biti hizo inafaa chuma zaidi. Kasi ya mizunguko 500 hivi inatosha, na bati lifungwe kama kawaida.

Tundu refu la hesi: kitasa cha droo

Kwa kitasa cha nondo ya mm 25, urefu mm 30, chenye hesi ya M6 (yaani ya skrubu yenye kipenyo cha mm 6), biti ni ya mm 5. Kwa M3 tumia mm 2.5, kwa M4 mm 3.3, kwa M5 mm 4.2, kwa M8 mm 6.8. Hesi ya kina cha mm 10 inatosha kwa M6 kwenye brasi, ila tundu liwe la mm 15 au 16, kwa sababu tepu (kifaa cha kukatia hesi ndani ya tundu) huanza kwa ncha nyembamba isiyokata hesi kamili, na chembe nazo zinahitaji mahali pa kukaa.

Nondo ya duara haishikiki vizuri kwenye jiliwa tupu. Kata mfereji wa pembe ya V kwenye kipande cha mninga, uibane nondo kati ya mfereji huo na taya la jiliwa, ikisimama wima. Hakikisha wima kwa guniya pande mbili. Toboa kina cha mm 5, inua biti mpaka nje kabisa, futa. Kisha kila mm 3 inua tena. Chembe zikijaa mferejini hugandamana na biti inakatika ndani. Biti iliyokatikia ndani ya brasi ni vigumu kuitoa, na aghalabu ni rahisi zaidi kukata nondo nyingine.

Tepu izungushwe kwa mkono. Unaweza kuiongoza kwa kuifunga kwenye mdomo wa drili iliyochomolewa umeme na kuuzungusha mdomo kwa mkono kwa mizunguko miwili mitatu ya mwanzo, ili hesi ianze wima.

Ukiwa na drili ya mkononi tu

Inawezekana, lakini jiwekee mpaka: usizidi mm 6, na usipanue tundu lililopo. Kwenye drili ya betri kuna pete yenye namba na alama ya biti. Watu huiweka kwenye alama ya biti, na hapo klachi huwa imefungwa, nguvu yote ya mota inafika kwenye kiwiko chako biti inaponasa. Weka kwenye namba ya kati badala yake, gia ya chini. Biti ikinasa, klachi itateleza na kulia tu. Ikiwa inateleza hata wakati wa kukata kwa kawaida, panda namba moja moja.

Kama drili ina mpini wa pembeni, uufunge. Simama ukiwa umetanua miguu, na kipande kifungwe kwenye meza nzito, kamwe kisiwe chini ya soli ya kiatu.

Umeme ukikatika

Biti ikiwa ndani ya tundu na umeme ukakatika, jambo la kwanza ni kuzima swichi ya mashine, halafu kuinua biti. Swichi nyingi za drili za bei nafuu hubaki zimewashwa, na umeme ukirudi dakika kumi baadaye mashine itaanza yenyewe huku mkono wako ukiwa chini yake unafungua klampi. Kama unanunua mashine mpya, uliza ile yenye swichi inayojizima umeme ukikatika. Na mashine iunganishwe kwenye mzunguko wenye kifaa kinachokata umeme unapovuja, hasa kama karakana yako ni kibanda cha uani chenye sakafu ya udongo au simenti inayoloa mvua.

Biti ikinasa licha ya yote

Acha mpini, usikimbilie kukishika kipande. Zima, subiri kila kitu kisimame, chomoa waya ukutani. Uzungushe mdomo wa drili kwa mkono kinyume cha mwelekeo wa kazi huku ukiinua, na biti itatoka. Kagua biti kabla ya kuirudisha kazini. Ikiwa shina lake lina mikwaruzo ya kuzunguka, iliteleza mdomoni. Sugua mikwaruzo kwa msasa, la sivyo haitakaa katikati tena. Ikiwa imepinda, itupe.

Kasoro nyingine zina sababu zinazojulikana. Tundu likiwa kubwa kuliko biti, makali mawili hayako sawa, au biti ni ndefu na imeyumba mwanzoni. Sauti kali ya kulia maana yake ni kasi kubwa na mkandamizo mdogo. Miiba mirefu upande wa kutokea hutokana na ubao wa chini wenye tundu la zamani. Miiba hiyo iondoe kwa biti kubwa unayoizungusha kwa vidole, wala usipitishe kidole kuikagua, kwa sababu ni myembamba kiasi cha kuvunjikia ndani ya ngozi.

Chembe na risasi iliyomo

Sumaku haiokoti chembe za brasi, kwa hiyo usafi ni kazi ya brashi na kitambaa chenye maji. Chembe ikikuingia jichoni, usisugue. Funika jicho bila kulikandamiza, uende hospitali yenye huduma ya macho, umweleze daktari kwamba ni brasi, maana shaba ikikaa ndani ya jicho huendelea kuliumiza.

Kwa kuwa nondo nyingi zina risasi, usile wala kuvuta sigara ukiwa unafanya kazi, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, na nguo za kazi zisichanganywe na za watoto katika kufua. Kazi hii haifai mezani jikoni, hata kama huko ndiko kwenye taa nzuri. Usitumie nondo za namna hiyo kutengeneza kijiko, kikombe au kitu chochote kitakachogusa chakula au maji ya kunywa.

Chembe ziweke kwenye mkebe wake, zisichanganyike na za chuma. Wanunuzi wa vyuma chakavu hupima brasi kwa bei ya juu kuliko chuma, lakini wakikuta sumaku inashika kitu ndani ya mkebe hushusha bei ya mzigo mzima. Pitisha sumaku wewe mwenyewe kwanza, ukiwa umeifunika kwa mfuko wa nailoni ili vumbi la chuma litoke kwa urahisi.